Kompyuta ina prosesa nyingi, mbona sauti inakatika?

Wengi wanaofungua studio ndogo siku hizi, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi, hununua zile kompyuta kubwa za ofisini zilizokwisha kutumika, zenye soketi mbili za prosesa za Xeon. Bei yake inaingilika na nguvu yake si ya kubeza. Mashine inafika, RAM ya kutosha, viini kumi na sita, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake, vinaonekana kwenye skrini. Unaweka wimbo, na sauti inatoka na mikwaruzo, au inakatika kila baada ya dakika kadhaa, au kompyuta nzima inaganda huku spika zikishikilia mlio mmoja usiokoma. Wimbo huohuo kwenye laptopu ya zamani ulikuwa unacheza vizuri.

Hapo ndipo pesa huanza kupotea bure. Mwenye mashine anaongeza RAM, anabadilisha diski, anaweka Windows upya, na mikwaruzo iko palepale. Nguvu aliyoiongeza haikuwa na kazi, kwa sababu sauti haidai nguvu nyingi. Inadai kuwahi. Na prosesa zinapokuwa nyingi, kuwahi kunategemea draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti, inayojua nani anagusa nini na kwa zamu ipi. Machoni pa draiva, kiini kimoja ni prosesa moja, kwa hiyo haya yanaihusu laptopu ya viini vinne sawasawa na mashine ya soketi mbili.

Tuanze na hesabu. Sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, chaneli mbili, biti 16 kwa kila sampuli, ni baiti 192,000 kwa sekunde. Kwa prosesa yoyote ya leo hicho ni kiasi kidogo mno. Lakini kadi ya sauti haisubiri mtu. Programu inajaza sauti kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, na kadi inachota humo yenyewe, kwa mwendo wake usiobadilika. Bafa imegawanywa vipande. Kadi ikimaliza kipande kimoja hutuma katizo, yaani ishara inayoifanya prosesa iache ilichokuwa ikifanya na kuja kuihudumia. Kipande cha fremu 1,024 (fremu moja ni sampuli moja kwa kila chaneli) kinachezwa kwa milisekunde 21 hivi. Cha fremu 256, milisekunde 5.3. Cha fremu 64, milisekunde 1.3 tu. Mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni anahitaji vipande vidogo, la sivyo sauti yake inamrudia ikiwa imechelewa na anapoteza mdundo.

Huduma ikichelewa kupita muda huo, kadi inasonga mbele na kucheza kilichomo: sauti iliyokwisha kuchezwa, au ukimya. Huo ndio mkwaruzo unaousikia. Kompyuta inaweza kuwa imepumzika kwa asilimia 90 na bado ikachelewa kwa milisekunde mbili zilizokuwa na umuhimu.

Kosa lililojificha kwa sababu prosesa ilikuwa moja

Tuitazame draiva kwa karibu. Tuseme bafa ina vipande vinne, 0 hadi 3, na draiva inashika namba ya kipande kinachofuata. Sasa hivi namba ni 2. Prosesa ya kwanza, ikishughulikia programu ya muziki, inasoma namba hiyo ili isogeze mbele. Kabla haijaandika 3, katizo kutoka kwenye kadi linaiangukia prosesa ya pili, nayo inasoma ileile 2. Zote mbili zinaandika 3. Ilitakiwa namba ifike 0, maana ilisogezwa mara mbili na baada ya 3 inarudi mwanzo. Kuanzia hapo draiva iko nyuma ya kadi kwa kipande kizima, na kipande hicho kitarudiwa au kitarukwa. Ni sawa na wauzaji wawili wa duka moja wanaosoma salio kwenye daftari kwa wakati mmoja, kila mmoja akapunguza alichouza yeye, kisha yule wa mwisho kuandika akafuta hesabu ya mwenzake.

Kwenye kompyuta ya prosesa moja kosa hili lilikuwa rahisi kulizuia. Draiva ilizima makatizo kwa muda mfupi, ikabadilisha namba, ikayawasha tena. Hakukuwa na mwingine wa kuingilia. Prosesa zikiwa mbili, kuzima makatizo ya prosesa yako hakumzuii jirani. Panahitajika kufuli, yaani alama ambayo prosesa moja tu inaweza kuishika kwa wakati mmoja: prosesa inayolikuta limefungwa inazunguka papo hapo ikiuliza na kuuliza mpaka lifunguliwe.

Historia ya Linux inaonyesha jinsi mpito huu ulivyokuwa mgumu. Linux ilianza kukubali prosesa nyingi katika toleo la 2.0, mwaka 1996, kwa kutumia kufuli moja kubwa lililofunika kerneli, yaani moyo wa mfumo, karibu nzima. Draiva nyingi za zamani, za sauti zikiwemo, ziliendelea kutegemea kufuli hilo, au amri iliyokuwa ikizima makatizo ya prosesa zote kwa mpigo. Kisha mwezi Novemba 2002 Intel ikatoa Pentium 4 ya 3.06 GHz yenye Hyper-Threading, ambayo prosesa moja ilijionyesha kwa mfumo kama mbili. Watu wa kawaida ambao hawakuwahi kununua mashine ya soketi mbili wakajikuta wanayo, na draiva ambazo hazikuwahi kukutana na prosesa ya pili zikaanza kuyumba. Ilipotoka kerneli 2.6, Desemba 2003, ile amri ya kuzima makatizo kila mahali haikuwapo tena kwa mashine za prosesa nyingi. Draiva zilizokuwa bado zinaitegemea ziliwekewa alama katika usanidi wa kerneli: BROKEN_ON_SMP, yaani mbovu kwenye prosesa nyingi. Yenye alama hiyo haikutolewa kabisa kwa kerneli iliyojengwa kwa prosesa nyingi. Ulikuwa uungwana kusema wazi kuliko kumwachia mtumiaji agande. Lile kufuli kubwa lenyewe liliondolewa kabisa katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011, baada ya miaka 15.

Mwaka 2005 zikaja Athlon 64 X2 na Pentium D, na tangu hapo kompyuta ya kiini kimoja ikaanza kuwa kitu cha kumbukumbu.

Kwa nini mashine inaganda badala ya kukwaruza tu

Kuongeza makufuli kunaleta ugonjwa wa pili, nao ni mbaya zaidi. Mfumo wa sauti wa Linux, ALSA, una kufuli lake kwa kila mkondo wa sauti. Draiva ya kadi ina la kwake. Prosesa 0 inataka kusimamisha wimbo: inafunga kufuli la mkondo, kisha inaiita draiva, ambayo inataka kufunga kufuli lake. Wakati huohuo prosesa 1 inahudumia katizo. Imekwisha kufunga kufuli la draiva, na sasa inaiarifu ALSA kwamba kipande kimekwisha, kwa kuita kazi iitwayo snd_pcm_period_elapsed. Kazi hiyo inahitaji kufuli la mkondo. Kila prosesa imeshika anachokitaka mwenzake, na hakuna itakayoachia. Kadi nayo haina habari. Inaendelea kuzungusha bafa ileile, na ndiyo maana spika hushikilia mlio mmoja mashine ikiwa imekufa.

Ndiyo sababu mwongozo wa kuandika draiva za ALSA unamtaka mwandishi aachie kufuli lake kwanza, ndipo aite snd_pcm_period_elapsed, kisha alifunge tena. Asipofanya hivyo hakuna atakachoona kwenye kerneli iliyojengwa kwa prosesa moja, kwa kuwa makufuli ya aina hii huko hayageuzwi kuwa chochote. Yanatoweka wakati wa kujenga. Mwandishi anaweza kujaribu kazi yake mwaka mzima bila kukwama hata mara moja, akaitoa kwa moyo safi, na ikamgandia mtu wa kwanza mwenye viini viwili.

Ndugu wa kosa hili hutokea unapofunga programu. Prosesa moja inarudisha kumbukumbu ya bafa kwa mfumo, wakati nyingine bado iko katikati ya katizo ikiisoma kumbukumbu hiyohiyo. Mashine inayoganda au kuonyesha skrini ya bluu kila unapofunga programu ya kurekodi, si unapoifungua, inakupa dokezo la namna hii.

Jaribio la kwanza: bakiza prosesa moja

Kabla ya kubadilisha draiva yoyote, jua kwanza kama shida yako inatokana na wingi wa prosesa. Kwenye Linux, wakati wa kuwasha, ongeza maxcpus=1 mwishoni mwa mstari wa kerneli kwenye GRUB, menyu inayotokea kabla mfumo haujawaka. Mashine ikishawaka andika nproc. Jibu liwe 1. Wapo wanaotumia nosmp badala yake. Siwashauri, maana nosmp inazima pia kifaa kinachogawa makatizo, IO-APIC, na hapo unakuwa umebadilisha mambo mawili kwa pamoja bila kujua lipi limeleta tofauti. Kwenye Windows fungua msconfig, ingia kwenye mipangilio ya kuwasha, weka idadi ya prosesa iwe 1, kisha washa upya.

Cheza sauti kwa muda uleule na kwa programu ileile. Tatizo likitoweka kabisa, draiva inagombana na prosesa zake, au saa za prosesa hazilingani. Likibaki vilevile, achana na habari ya makufuli. Tafuta kwenye draiva isiyo ya kadi hiyo, mipangilio ya matumizi ya umeme, au waya. Na likizidi, kwa mikwaruzo kuwa mingi kuliko mwanzo, kuna draiva nyingine inayoikalia prosesa muda mrefu, na viini vingi vilikuwa vinakuokoa kwa sehemu.

Usiposikia kitu kabisa, na mfumo unaonyesha kifaa cha kubuni tu kiitwacho Dummy Output, hilo ni jambo jingine: kerneli haikuipata kadi. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni zinahitaji fimiwea (programu inayokaa ndani ya kifaa) ya Sound Open Firmware, na kukosekana kwa pakiti hiyo kunatosha kuinyamazisha mashine. Wingi wa viini hauhusiki.

Makatizo yanaangukia wapi

Linux inakuonyesha waziwazi. Andika cat /proc/interrupts, utaona safu moja kwa kila prosesa. Mstari wa kadi ya ndani hufanana na huu:

130:   0   48213   0   0   snd_hda_intel:card0

Maana yake katizo namba 130 limeangukia prosesa 1 mara 48,213, na kwingine halijafika. Ukiona mstari huohuo umebeba majina mawili, kwa mfano kadi ya sauti na USB, zinatumia njia moja, na kila katizo la mmoja linamwamsha pia mwingine. Kwenye mashine za zamani zenye nafasi za PCI, kuihamishia kadi nafasi nyingine kulitosha kuitibu.

Angalia kama namba inapanda sauti inapocheza. Lakini tahadhari, hapa hata mafundi wazuri hupotea. PipeWire na PulseAudio, programu zinazosimamia sauti za Linux kati ya programu nyingine na kadi, mara nyingi huiambia kadi isitume katizo kwa kila kipande. Zenyewe zinategemea saa ya mfumo. Namba isipopanda usihukumu. Hakikisha hakuna programu nyingine iliyoshika kadi, kisha icheze moja kwa moja kwa speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 na utazame tena. Ikiwa bado haipandi, makatizo yanapotea njiani. Dawa ya kujaribu ni kuizuia kadi isitume makatizo kwa njia mpya ya ujumbe. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/sauti.conf na uandike ndani yake:

options snd-hda-intel enable_msi=0

Kama makatizo yanafika ila sauti inarudiarudia vipande vidogo, huenda kadi inaidanganya draiva kuhusu mahali ilipofika kwenye bafa. Chaguo la position_fix=1 katika faili hilohilo linaiambia draiva isome mahali hapo kwa njia nyingine. Na mlio wa ‘tap’ kila sauti inapoanza baada ya kimya hutoka kwenye kadi inayolala na kuamka; power_save=0 inaiweka macho. Badilisha moja, washa upya, sikiliza. Ukiweka yote matatu kwa mpigo hutajua ni lipi lililotibu.

Unaweza pia kulihamishia katizo prosesa isiyo na kazi nyingi. Kwa mfano wetu, ukiwa na mamlaka ya msimamizi: echo 3 > /proc/irq/130/smp_affinity_list. Mikwaruzo ikiisha, umemjua adui: kile kilichokuwa kimebanana na kadi kwenye prosesa 1.

Draiva ya sauti mara nyingi haina hatia

Kwenye Windows hili ndilo la kwanza kukumbuka. Katizo likifika, Windows inaiacha draiva ifanye kazi fupi sana, kisha sehemu iliyobaki inawekwa kwenye foleni ya prosesa ileile iliyopokea katizo. Microsoft inawataka waandishi wa draiva wasizidishe mikrosekunde 25 kwenye hatua ya kwanza na mikrosekunde 100 kwenye ya pili. Draiva ya Wi-Fi au ya kadi ya picha ikikaa milisekunde mbili kwenye foleni ya prosesa 0, na sauti nayo imepangwa hapohapo, sauti itasubiri hata kama viini vingine kumi na vitano vimelala.

Programu ya LatencyMon huonyesha nani amekaa muda gani. Iache ikimbie dakika kumi huku sauti ikicheza, kisha tazama faili la draiva lililoongoza. Ukikuta ndis.sys, shughulika na mtandao: zima Wi-Fi ujaribu tena, kisha tafuta draiva mpya ya Wi-Fi. Ukikuta nvlddmkm.sys, ni kadi ya picha ya NVIDIA. Ukikuta ACPI.sys, tazama betri, BIOS na mpango wa umeme. Ni jambo la kusikitisha kuona mtu ameibadilisha kadi nzuri ya sauti kwa kosa la Wi-Fi.

Umeme nao una sehemu yake. Kiini kilicholala usingizi mzito huchukua muda kuamka, na kasi yake hupanda taratibu. Wakati wa kurekodi, tumia mpango wa umeme wa utendaji wa juu kwenye Windows. Kwenye Linux, cpupower frequency-set -g performance.

Kuna pia namba inayopotosha. Programu ya muziki huweza kugawa trake za wimbo kwa viini tofauti, lakini mnyororo wa madoido ya trake moja hauna budi kwenda kwa mfuatano, kwenye kiini kimoja. Kwenye mashine ya viini vinane, kiini kimoja kilichojaa pomoni kinaonekana kwenye jumla kama asilimia 12.5. Unaona 13 na kusema mashine imepumzika, kumbe trake ya sauti ya mwimbaji imeishiwa. Fungua grafu ya kila kiini peke yake. Kwa kazi hiyo viini vichache vyenye kasi kubwa vinashinda soketi mbili za viini vya polepole, na ningependa muuzaji angelisema hilo kabla ya kupokea pesa.

Saa zisizolingana

Kila prosesa ina kihesabu chake cha muda, TSC. Kwenye Athlon 64 X2, vihesabu vya viini viwili vilitofautiana kiini kimoja kilipopunguza kasi ili kuokoa umeme. Programu iliyohamishwa kutoka kiini kimoja hadi kingine iliona muda umeruka au umerudi nyuma, na sauti ikaachana na picha. Tiba ya wakati ule kwenye Windows ilikuwa kuongeza /usepmtimer kwenye faili la boot.ini, ili mfumo utumie saa moja ya nje ya prosesa. Prosesa za leo zina kihesabu kisichobadilika mwendo, ila mashine ya soketi mbili yenye BIOS mbovu bado inaweza kukuletea ugonjwa huo. Kwenye Linux andika dmesg | grep -i tsc, ili kusoma ujumbe wa kerneli. Ukikuta neno unstable, sasisha BIOS kwanza.

Soketi mbili zina jambo jingine linalozungumzwa sana: kila prosesa ina kumbukumbu na nafasi zake za kadi, na kufikia za upande wa pili kunachukua muda zaidi. Ni kweli, lakini tofauti hiyo ni ya nanosekunde, na sauti inakatika kwa milisekunde. Liweke mwisho wa orodha yako.

Ukibadilisha draiva

Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta au ubao mama, kwa namba kamili ya modeli. Zile programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mbonyezo mmoja huleta toleo la kadi inayofanana tu na yako, na nyingine huja na virusi. Kwa kadi ya ndani kuna njia fupi: kwenye Device Manager, chagua draiva ya jumla ya Microsoft, High Definition Audio Device. Utapoteza madoido ya mtengenezaji, lakini ikiwa mikwaruzo imeisha basi umekwisha kumpata mkosaji.

Kwa Linux, jaribu kwanza kerneli mpya kutoka kwenye fleshi ya kuwashia, bila kusakinisha. Kosa la makufuli haliponywi na mipangilio; linaponywa na aliyeandika draiva. Wanaoandika wana chombo kiitwacho lockdep, kilichoingia kerneli 2.6.18 mwaka 2006, kinachofuatilia mpangilio wa kufunga makufuli na kupiga kelele hata kabla mashine haijaganda. Kwa hiyo ripoti yako ina thamani kubwa ukiipeleka vizuri: toleo la kerneli kutoka uname -r, faili linalotolewa na alsa-info.sh, maandishi ya dmesg ya wakati tatizo lilipotokea, na sentensi moja inayosema kama lilitoweka ulipowasha kwa maxcpus=1. Sentensi hiyo humpunguzia mwandishi kazi ya siku nyingi, maana inamwambia atazame wapi.

Ukimaliza, ondoa maxcpus=1, na kwenye msconfig ondoa alama ya idadi ya prosesa. Mashine iliyosahauliwa kwenye kiini kimoja itacheza sauti safi, kisha itakwama mradi wa kwanza mzito utakapofunguliwa.